Wanafunzi wa Lugha Isiyokuwako

Wako watu katika dunia hii wajifunzao lugha ambayo haikupata kunenwa na taifa lolote. Huchunguza mizizi ya maneno yake, hupanga minyambuliko ya vitenzi vyake, na hubishana miaka mingi juu ya irabu moja, kwamba yafaa iandikwe fupi au ndefu. Wengine hutunga mashairi kwa lugha hiyo, na wengine huichora ndani ya pete zao za ndoa. Wakiulizwa ilisemwa wapi, hujibu bila haya kuwa ilisemwa kitabuni. Asikiaye habari hii kwa mara ya kwanza hucheka, na kicheko chake si cha ajabu. Lakini kicheko hicho kikisikika Songea, katika Mkoa wa Ruvuma, huwa na ukakasi kidogo, kwa sababu Songea ni mji wa watu ambao lugha ya watawala wao wa kale ilizikwa kimya kimya, pasipo ngoma wala matanga. Jambo walifanyalo wageni wale kwa lugha ya kubuniwa, na jambo lililoipata lugha ya kweli ya Songea, yamekaribiana zaidi ya adhaniavyo mwenye kucheka.

Kwanza yafaa ikubaliwe kuwa kucheza na lugha ni tabia ya wanadamu wote, wala haikuletwa Afrika Mashariki na jahazi. Watoto wa pwani wamecheza kinyume tangu zamani, wakiitanguliza silabi ya mwisho mbele ya neno, hata kitabu kikawa bukita, na mtu mzima asiyejua akabaki ameduwaa. Askofu Edward Steere, alipotoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, aliona mchezo huo una thamani ya kutosha kuwekewa mifano mwishoni mwa kitabu. Hata hivyo kinyume ni Kiswahili kilichogeuzwa nguo. Mwili wake ni ule ule. Kubuni lugha mpya kabisa, yenye mizizi na sarufi yake, ni kazi nyingine. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951 alibuni nchi nzima inayoelea hewani, akaipa mfalme, wajumbe, baraza na mashtaka. Lakini raia wake aliwaachia Kiswahili, na majina yao, kama Karama na Majivuno, aliyatoa katika maneno ya kila siku. Mwandishi wa nchi yenye lugha zaidi ya mia moja hakuona haja ya kuongeza nyingine. Huenda kiu ya kubuni lugha huwashika zaidi watu ambao kwao lugha zimepungua.

Mtu aliyeshikwa na kiu hiyo kuliko wote alizaliwa Afrika. John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, tarehe 3 Januari 1892. Mama yake alimchukua kwenda Uingereza akiwa na umri wa miaka mitatu, naye hakurudi tena. Alipokuwa mtu mzima alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, akifundisha Kiingereza cha kale pamoja na lugha zilizo jamaa zake. Mchana alisoma lugha zilizokwisha kufa, na usiku alitunga lugha ambazo hazijazaliwa. Ulimwengu humjua kwa hadithi zake za ajabu, The Hobbit ya mwaka 1937, na The Lord of the Rings iliyotolewa mwaka 1954 na 1955. Wasomaji wengi hudhani kuwa alitunga hadithi kwanza, kisha akazipamba kwa maneno ya kigeni ili zipendeze. Mwenyewe alishikilia kinyume chake: lugha zilitangulia, na hadithi zilitungwa ili lugha zipate watu wa kuzisema na nchi ya kukaa. Tarehe zinamtetea. Kamusi ya kwanza ya lugha iliyokuja kuitwa Kikwenya aliianza mwaka 1915, zaidi ya miaka ishirini kabla hadithi yake ya kwanza haijatoka; na mwaka 1931 alitoa mhadhara juu ya mapenzi yake hayo, akiyasimulia kama mtu aungamaye siri.

Lugha zake mkuu ni mbili. Kikwenya kina ladha ya Kifini, na Kisindarini kina ladha ya Kiwelisi, kwa kuwa sauti za lugha hizo mbili za kweli zilimvutia sana. Husemwa na Waelfi, jamii ya viumbe wasiozeeka. Lakini uzuri wa kazi yake haumo katika ladha, umo katika udugu. Tolkien hakutunga lugha mbili zilizotengana. Alitunga mzizi mmoja wa kale, kisha akauacha ugawanyike kwa kanuni za mabadiliko ya sauti, mpaka neno moja likawa mawili yasiyofanana usoni. Kwa mfano, mti kwa Kikwenya ni alda, na kwa Kisindarini ni galadh, nayo yote yametoka katika shina moja. Mwanafunzi aliyepata kuisoma kazi ya Carl Meinhof ya mwaka 1899 juu ya sauti za lugha za Kibantu ataitambua njia hiyo mara moja. Ndiyo njia ile ile ionyeshayo kwamba abantu wa Wazulu, vandu wa Wangoni wa Songea, na watu wa Waswahili ni neno moja lililopita katika vinywa mbalimbali.

Tolkien alifariki mwaka 1973 akaacha masanduku ya karatasi. Hakuwahi kuandika sarufi moja iliyokamilika. Alikuwa mtu wa kufuta na kuandika upya, na alichokiamua asubuhi alikitengua jioni. Hapo ndipo wapenzi wa lugha zake walipopata kazi ya maisha. Mwaka 1971, yeye mwenyewe akiwa hai, jarida la Parma Eldalamberon lilianza kutolewa Marekani. Mwaka 1988 lilifuata jingine, Vinyar Tengwar, la chama kidogo cha wachunguzi wa lugha hizo. Mhariri wake aliyejulikana zaidi, Carl Hostetter, alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika shirika la safari za anga la Marekani. Mshahara wake ulitoka katika vyombo vya angani, na saa zake za mapumziko zilikwenda katika viambishi vya Waelfi. Christopher Tolkien, mwana wa profesa, aliyefariki mwaka 2020, aliwapa wachache wao nakala za hati za baba yake. Wakazichapisha polepole, karatasi kwa karatasi, pamoja na maelezo juu ya kila neno lililofutwa na kila wino uliobadilika. Kamusi ile ya mwaka 1915 ilichapishwa kamili mwaka 1998. Orodha ya mizizi, ambayo mwandishi aliitunga mnamo miaka ya 1930, ilikuwa imetangulia kutoka mwaka 1987. Wanazuoni wengi wa vyuo hawakutendewa kazi zao kwa uangalifu kama huo.

Palipo na wanafunzi wengi hapakosi madhehebu. Wapenzi wa Kikwenya wamegawanyika tangu zamani. Kundi moja hushika alichoandika mwenye lugha, na halipendi neno lolote liongezwe. Kwao, palipo na pengo pana pengo, na msomi mwema huonyesha pengo wala halizibi. Kundi la pili hutaka kuisema lugha. Hao hukusanya vipande vya miaka sitini, huchagua kimoja na kuacha kingine, huunda maneno mapya kwa mizizi ya zamani, kisha huandika barua, mashairi na hata tafsiri za vitabu vya dini. Zilipotengenezwa filamu za The Lord of the Rings, zilizotoka kati ya mwaka 2001 na 2003, mwanaisimu David Salo aliombwa aunde maneno ya waigizaji, na mwaka 2004 akatoa kitabu kizima cha Kisindarini. Kundi la kwanza halikufurahi. Lilisema kwamba hicho si Kisindarini cha Tolkien. Lugha hizo za kuundwa upya zikaitwa mpya, Kikwenya kipya na Kisindarini kipya, na kwa wenye kushika asili neno hilo mpya lilikuwa lawama.

Neno hilo hilo liliwahi kutumika Songea. Mwaka 1939 Padre Elzear Ebner, Mbenediktini, aliandika sarufi akaiita, kwa Kijerumani, sarufi ya Kingoni kipya. Kwa nini kipya? Sababu yake ni ndefu, nayo yaanzia upande ule ule wa Afrika alikozaliwa Tolkien.

Wangoni walitoka nchi ya Wazulu baada ya mwaka 1819, jeshi la Shaka lilipowavunja Wandwandwe wa Zwide. Zwangendaba, wa ukoo wa Jere, aliongoza watu wake kaskazini kwa miaka mingi. Walivuka mto Zambezi tarehe 20 Novemba 1835, siku jua lilipopatwa. Kila walikopita walichukua watu: Wathonga, Wakalanga, Wasenga, Watumbuka. Zwangendaba alifariki Ufipa katika miaka ya 1840, na watu wake wakagawanyika. Tawi moja lilishuka kusini-mashariki hata nchi inayoitwa leo Songea, na humo wakawakuta Wangoni wengine, wa Maseko, waliokuwa wamefika kwa njia nyingine. Vita vikazuka na Wamaseko wakasukumwa kusini. Waliobaki walisimamisha dola mbili, Njelu na Mshope, wakatawala Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wanindi na Wabena. Raia hao waliitwa Wasutu. Mji wenyewe umechukua jina la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 baada ya Vita vya Majimaji, pamoja na makumi ya viongozi wenziwe.

Basi walikuwako watawala wachache wenye lugha ya kusini, na raia wengi wenye lugha za Ruvuma. Msomaji wa Tolkien ataanza kusikia mwangwi. Katika hadithi zake, Waelfi wenye kusema Kikwenya walivuka bahari wakaingia nchi ya ndugu zao wenye kusema Kisindarini. Walikuwa mashujaa wenye fahari na elimu, lakini wageni. Miaka mingi baadaye watoto wao walisema Kisindarini nyumbani, na Kikwenya kikabaki lugha ya wakuu, ya nyimbo, ya viapo na ya majina. Mtu angeweza kudhani kwamba profesa alikuwa amesoma habari za Njelu na Mshope. Hakuna dalili kuwa alizisoma, wala hakuhitaji. Alijua mambo ya namna hiyo kutoka katika historia ya Uingereza yenyewe, ambako watawala waliotoka Ufaransa mwaka 1066 waliishia kusema Kiingereza.

Ushahidi wa Songea umo katika vitabu vichache. Peramiho, kilometa ishirini na kitu kutoka mjini, Wabenediktini walijenga misheni mwaka 1898, na mwanzilishi wake, Padre Cassian Spiss, alikuwa mtu wa kalamu. Mwaka 1904 alichapisha Berlin, katika jarida la chuo cha lugha za mashariki, kazi iliyoitwa Kingoni und Kisutu, yaani Kingoni na Kisutu. Anwani hiyo peke yake ni historia. Mwaka 1904 zilikuwako bado lugha mbili, nazo zilistahili kuandikwa mbalimbali. Mwaka uliofuata Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa Mikukuyumbu, karibu na Liwale, mwanzoni mwa Majimaji, na misheni yake ya Peramiho ikachomwa moto. Hakupata nafasi ya kutengeneza chapa ya pili. Ebner alipoandika mwaka 1939, miaka thelathini na mitano baadaye, lugha ilikuwa moja, na ile moja ilikuwa ya Wasutu. Jina la Kingoni lilikuwa limehamia kwake, kama nyumba inayoendelea kuitwa kwa jina la bwana aliyeijenga ingawa waliomo ni watu wengine.

Hata jina lenyewe latoa siri. Wenye lugha hawaiti isiNgoni, kwa kiambishi cha kusini kama isemwavyo isiZulu. Huiita Chingoni, kwa chi ya wenyeji. Sauti za vidoko, zilizo alama kubwa ya Kizulu na jamaa zake, hazimo tena. Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, alikiweka Kingoni cha Songea N12, jirani kabisa na Kimatengo, N13, ilhali Kizulu kiko mbali, S42. Kilichosalia cha kale ni vyeo kama nkosi na nduna, majina ya koo kama Gama na Zulu, na fahari ya asili. Ndivyo Kikwenya kilivyosalia kwa Waelfi.

Lakini hapa Tolkien na Songea huachana njia, na katika jambo hili historia imemshinda mtunzi. Tolkien alitaka sababu ya kuufanya ulimi wa mashujaa ufe, akaleta amri. Mfalme wa wenyeji aligundua kuwa wageni walikuwa wamewaua ndugu zake ng'ambo ya bahari; akakasirika, akapiga marufuku lugha yao katika nchi yake yote. Ni tukio zuri katika kisa, lina hatia na ghadhabu na adhabu. Songea hapakuwa na marufuku. Wenyeji hawakuwa na nguvu ya kumkataza mtu jambo lolote. Waliokuwa na nguvu ni wenye lugha iliyokufa. Ilitokea tu kwamba wapiganaji walioa wanawake wa nchi, na mtoto hujifunza kusema mapajani mwa mama. Baba alirudi vitani akiwa na ng'ombe na sifa, akaketi na wanaume wenziwe, akaimba kwa ulimi wa Natal. Na nyumbani kwake watoto waliomba maji kwa Kindendeule. Nduna aliweza kuamuru kichwa cha mtu, hakuweza kuamuru neno la kwanza la mwanawe. Mwanaisimu mkubwa kama Tolkien aliijua kanuni hiyo, bila shaka, ila hadithi ya mashujaa haina nafasi kubwa kwa mama anyonyeshaye.

Mfano wa pili watoka Marekani, nao unachekesha zaidi. Katika filamu za Star Trek wako viumbe wakali wa nyota nyingine wenye lugha iitwayo Kiklingoni. Jina hilo limebeba Kingoni ndani yake kwa bahati tu, lakini sikio la Songea haliwezi kuacha kulisikia. Lugha hiyo ilitungwa na mwanaisimu Marc Okrand, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1985. Na mwaka 1992 kikaundwa chama cha kuisoma, Klingon Language Institute, kilichotafsiri hata Hamlet ya Shakespeare. Katika miaka ya 1990 baba mmoja, msomi wa lugha, aliamua kumsemesha mwanawe mchanga Kiklingoni peke yake, huku mama akimsemesha Kiingereza. Baba alipata taabu, kwa kuwa lugha ya vita vya angani ilipungukiwa maneno ya vitu vya nyumbani. Mtoto alielewa, akaitikia kidogo, akaimba. Alipokaribia miaka mitatu akaacha kuitikia, akashika lugha ya mama na ya mtaa mzima. Baba, kwa hekima, hakumlazimisha. Wapiganaji wa Njelu wangalimfahamu baba huyo vizuri.

Okrand mwenyewe anastahili kutazamwa zaidi, kwa kuwa maisha yake yaunganisha pande zote mbili za habari hii. Kabla ya kubuni lugha alikuwa amefukua moja. Tasnifu yake ya mwaka 1977, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilikuwa sarufi ya Kimutsun, lugha ya wenyeji wa asili wa California. Msemaji hodari wa mwisho, Ascensión Solórsano, alifariki mwaka 1930, na kabla hajafa mchunguzi J. P. Harrington alikaa naye akiandika kila alichokumbuka. Okrand alijenga sarufi juu ya daftari hizo. Katika miaka ya 1990 wazao wa Wamutsun walianza kujifunza lugha ya bibi zao kwa daftari hizo hizo na kwa kazi za wasomi kama Okrand, na mwaka 2016 kamusi yao ilichapishwa. Hivyo mkono mmoja uliandika vitabu viwili vya lugha. Kimoja kilisomwa na maelfu kwa ajili ya filamu. Kingine kilisomwa kwanza na wataalamu wachache, kisha na watu waliokuwa wakitafuta sauti za wazee wao.

Kuna upande wa pili wa jambo hili usiopendeza. Filamu zisizotaka gharama ya kubuni lugha zimewahi kuchukua lugha ya Afrika ikawa lugha ya viumbe wa nyota. Katika Return of the Jedi, iliyotoka mwaka 1983, rubani mmoja wa ajabu, mwenye mashavu yaliyojikunja, anasema kwa sauti ya mwanafunzi wa Kenya aliyetumia lugha za kwao. Watazamaji wa Marekani walisikia makelele ya sayari ya mbali. Mkenya aliyeketi katika sinema alielewa, akacheka peke yake. Katika Star Trek, mwaka 1967, Kiswahili kilisikika katika chombo cha angani, na hapo walau kilikuwa lugha ya mtu mwenye heshima, Uhura, ambaye jina lake limetokana na uhuru. Jambo la kuangalia ni hili, kwamba masikioni mwa asiyejua, hakuna tofauti kati ya lugha iliyobuniwa jana na lugha yenye mababu. Tofauti huletwa na yule atakayesimama kusema kuwa anaijua.

Watu wa namna hiyo Kingoni kimewapata, ijapokuwa si wengi. Ebner hakuishia katika sarufi. Historia yake ya Wangoni ilitolewa Peramiho mwaka 1959, ikachapishwa tena mwaka 1987. Deo Ngonyani, mwanaisimu, alitoa sarufi ya Chingoni mwaka 2003, na katika makala zake alieleza jinsi lugha mpya ilivyozaliwa Ruvuma kutoka katika watu wenye ndimi mbili. Kwa maneno ya wapenzi wa Kikwenya, yeye amechunguza Kingoni kipya bila kukilaumu upya wake, na hapo anaonekana kuwa na haki. Lugha ya Wasutu haikuiba jina la Kingoni. Wale waliokufa kwa jina hilo mwaka 1906 walikuwa mchanganyiko wa damu zote za Ruvuma, na aghalabu walikuwa wamenyonyeshwa kwa lugha hiyo.

Shida ya leo ni kwamba lugha hiyo mpya nayo imeanza kuzeeka, na kwa njia ile ile. Shule za msingi hufundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Ndoa za mjini Songea huunganisha Mngoni na Mmatengo, Myao na Mbena, na lugha ya nyumba yao huwa Kiswahili. Hakuna aliyeamuru. Mama wa kizazi hiki humlaza mtoto kwa Kiswahili kwa mapenzi yale yale ambayo mama wa Kindendeule alimlazia mtoto wa nduna. Kulaumu mapenzi hayo ni upuuzi. Lakini lipo la kufanya lisilopingana nayo, nalo ni lile walifanyalo wapenzi wa Waelfi: kuandika kila neno, kulipa tarehe, kutaja aliyelisema, kubishana juu ya irabu yake. Wao hulifanya kwa furaha kuliko wajibu, na huenda furaha hiyo ndiyo iliyopungua kwa wanaochunguza lugha za kwao, ambao mara nyingi huandika kwa huzuni ya mtu aliyefika msibani.

Wapenzi wa Kikwenya wana kitu kimoja cha kuonewa wivu: masomo ya lugha yao hupatikana bure kwa mtu yeyote, kwa lugha nyingi za dunia. Kazi ya Spiss ya mwaka 1904 imo katika jarida la Berlin. Kijana wa Songea wa ukoo wa Gama akitaka kujua jinsi wazee wake walivyonyambua kitenzi, hana budi ajifunze kwanza Kijerumani, lugha ya serikali iliyomnyonga nkosi Mputa Gama.

Lakini wao nao wana kasoro isiyo na dawa. Mwenye lugha yao alifariki mwaka 1973, na swali ambalo hakulijibu katika karatasi zake halitajibiwa kamwe. Wakishindana juu ya neno, mshindi hajulikani. Songea hali si hiyo bado. Yuko wa kuulizwa, Peramiho, Magagura na vijiji vingine, na maswali yapo tele: ng'ombe waliitwaje walipokuwa wakirudi zizini, maneno gani husikika katika ngoma ya lizombe na hayasikiki sokoni, majina gani ya sifa huandamana na jina la ukoo wakati wa kuzika, na kama yuko bibi ambaye humwimbia mjukuu wimbo wa kumlaza wenye maneno ambayo yeye mwenyewe hayajui maana yake, isipokuwa kwamba aliyapata kwa bibi yake.